Mvinyo wa Kabla ya Chakula

Shambani, Mbeya
3 Machi 1954

Mama Lea,

Kwanza niambie mgongo wa mama unaendeleaje, na Lea kama ameacha kukohoa. Mimi mzima. Huku ukungu unashuka saa nane mchana na hauondoki mpaka kesho yake. Maua yote ya pareto yamelowa, na kanzu yangu nyeupe haikauki nisipoianika jikoni, kwa hiyo nanuka moshi kama samaki wa Kyela.

Nina habari ya kukuchekesha. Jumamosi tarehe 20 tutapata wageni wanne kutoka Nairobi, wanunuzi wa pareto. Memsabu anataka wapewe mvinyo mweupe sebuleni kabla ya kuitwa mezani. Hiyo ndiyo desturi ya Wazungu: mgeni hali mpaka kwanza amekaa, amekunywa kidogo, amezungumza habari za mvua. Tatizo ni kwamba memsabu ametoka kwenye homa na kwinini imemharibu ulimi. Kila kitu kwake ni kichungu, hata chai. Leo aliagiza chupa tatu dukani kwa Mhindi ili achague moja. Akafungua ya kwanza, akamimina, akaonja, akakunja uso. "Mimi hapana sikia kitu, Isakwisa. Wewe onja." Akanipa glasi ile ile mkononi.

Mke wangu, miaka kumi na moja nabeba mvinyo wa watu kwenye trei na sikuwahi kujua ndani mna nini! Chupa ya kwanza ni ya Wajerumani, ina shingo ndefu, tamu kama maji ya asali. Nikasema hii hii. Memsabu akakataa. Anasema utamu unashibisha, mgeni ataingia mezani amelala. Wa kabla ya chakula unatakiwa uamshe njaa. Ya pili ni ya Kepu, Afrika Kusini. Ina harufu ya mapera yaliyoiva, inateleza vizuri, lakini ikishapita kooni imekwenda moja kwa moja, kama mgeni asiyeaga. Ya tatu, ya Wafaransa, ilinikaza taya kama ndimu, halafu mate yakanijaa, halafu nikasikia njaa pale pale niliposimama. Nilipomweleza hivyo memsabu alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Juma lijalo tutaonja tena, pamoja na karanga na jibini.

Karatasi imekwisha na sijakuuliza mengine. Nisalimie shemeji Kasian.

Mumeo,
Isakwisa


Mlandege, Iringa
9 Machi 1954

Baba Lea,

Mama sasa anageuka kitandani mwenyewe. Lea anakohoa alfajiri tu. Habari zangu zimekwisha, tuje kwenye zako.

Barua yako Kasian aliileta nikiwa nachambua mboga. Nimeisoma mara tatu, na mboga imenyauka kwenye ungo. Wewe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ulioa kwetu Uheheni ukachukua mke ukaacha mafundisho, kwa hiyo nakueleza leo. Kwetu mwanamke anayegawa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anaonja kwanza, watu waone kwamba hakuna ubaya ndani. Kisha anawamiminia wanywaji kwenye vikombe vyao. Kile alichokitia mdomo yeye hampi mtu. Anampa mumewe. Ukimwona mwanamke anamnyooshea mwanamume kikombe alichokwisha kukinywea, huulizi tena, unajua wanakolala. Siku ya posa yetu nilikupa changu mbele ya baba mdogo Bartholomeo, ukakinywa mpaka chini, shangazi zangu wakapiga vigelegele. Ulidhani wanashangilia kiu yako?

Nina wivu. Naliandika neno hilo lilivyo, nisije nikalizunguka. Nina wivu mpaka nimemwunguzia mama uji. Niambie, alikuwa amevaa nini huyo mgonjwa wako? Alikaa au alisimama? Ulipopewa glasi uliizungusha ukanywea upande mwingine, au hapo hapo penye midomo yake? Na hayo mapera yaliyoiva umeyasikia wapi, kwenye chupa au kwake? Tena ni Kwaresima, sisi hapa hata sukari tumeacha, wewe unakunywa divai na mke wa mtu na unaniandikia nicheke.

Najua asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mimi siko mbali kwa starehe, huko wake hawaruhusiwi, na hapa namkanda mama. Usionje tena. Mwambie na wewe ulimi wako una homa.

Severina


Shambani, Mbeya
13 Machi 1954

Shemeji Kasian,

Salamu nyingi. Dada yako ameniandikia barua ya moto kwa sababu ya glasi moja. Nilicheka mpaka Yotamu mpishi akaacha mkate akaja kunitazama. Shemeji, memsabu ni sawa na mama yangu kwa umri, anavaa soksi za bwana, anakohoa kama lori.

Ila nakuambia wewe jambo ambalo hujui, na ulifiche. Ile nyumba ya matofali ya vyumba viwili, aliyokuwa akikaa karani, iko tupu. Memsabu ameniahidi: jioni ya wageni ikienda vizuri na bwana akauza pareto yake, nyumba ni yangu, nilete mke na mtoto. Miaka sita nimeoa na miaka sita nalala chumba kimoja na Yotamu, mke haruhusiwi, nakutana na Severina wakati wa likizo kama mtu anayekwenda kutubu. Ndiyo maana nauhangaikia mvinyo huu. Nataka nimkabidhi ufunguo mkononi, aone mwenyewe. Ukimwambia tumekosana.

Shemeji yako,
Isakwisa


Shambani, Mbeya
13 Machi 1954

Mama Lea,

Umenichekesha kuliko nilivyokuchekesha. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na wewe sitaki ukonde. Memsabu ni mzee. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na koti la bwana juu yake. Alikaa. Glasi sikuizungusha, kwa nini niizungushe? Kwetu Tukuyu kikombe ni kikombe.

Kuacha kuonja siwezi. Jana tumeonja tena, na sasa tumechagua: ni ile ya Wafaransa. Pamoja na karanga za chumvi inakuwa kali na safi kama maji ya asubuhi, lakini ikipata joto kidogo inalegea, inakuwa kama mtu aliyeamshwa vibaya. Kwa hiyo nitazitia chupa kwenye kikapu, nizizamishe mtoni tangu mchana, maji ya mlimani ni baridi kuliko lile friji lao la mafuta ya taa. Memsabu anasema hajapata mtu wa kumweleza ladha kama ninavyoeleza mimi.

Kuna jambo kubwa kati yangu na memsabu ambalo siwezi kukuandikia sasa. Linategemea ulimi wangu. Baada ya tarehe 20 utalijua, na utapiga vigelegele mwenyewe. Vumilia.

Mumeo,
Isakwisa


Mlandege
Ijumaa, 19 Machi 1954

Shemeji,

Ulimwandikia nini dada yangu? Aliisoma barua amesimama mlangoni, akaikunja, akauliza basi la Mbeya linaondoka saa ngapi. Nilimwambia mvua imeharibu barabara, watu wanalala Makambako. Akasema basi naye atalala Makambako. Asubuhi hii ameondoka, Lea ameachwa kwangu na mama anasaidiwa na jirani. Nilitaka kumwambia habari ya nyumba, neno likanifika kwenye meno. Nimelimeza kwa sababu uliniapisha. Mficha uchi hazai, shemeji. Naona barua hii itasafiri kwenye basi la kesho, na yeye atakufikia kwanza.

Kasian


Shambani, Mbeya
22 Machi 1954

Severina,

Umeondoka kabla sijavua kanzu. Nilikimbia mpaka barabara kuu nikiwa na mkanda mwekundu kiunoni, wachuma pareto wakinitazama. Dereva wa lori la mbao alisema amekuona, umepewa lifti na wenzake kwenda mjini.

Nitasema lililotokea, kwa sababu nadhani wewe uliona moja na mimi nikaona jingine. Wageni walikuwa wamekaa. Bwana alikuwa anaeleza mvua. Mimi nimeshika trei yenye glasi sita zilizojaa mvinyo baridi, nampelekea mgeni wa kwanza. Ukaingia kwa mlango wa jikoni, tope la Makambako mpaka magotini, Yotamu nyuma yako anakushika kanga. Hukusalimia mtu. Ukachukua glasi kwenye trei yangu, ukaonja, ukaninyooshea mbele ya watu wote. Na mimi nikatikisa kichwa. Nikasema, "Rudi jikoni."

Mama Lea, boi wa meza hanywi mbele ya wageni wa bwana wake! Ningeinywa glasi ile ningefukuzwa kabla haijafika tumboni. Ulikuwa umenyoosha mkono. Niliuona. Ukaiweka glasi chini sakafuni, polepole, ukatoka.

Unajua wao walidhani nini? Yule mgeni mnene aliuliza kama ni mila ya huku, mwanamke kuonja ili wageni wajue hakuna sumu. Memsabu akasema ndiyo. Wakapiga makofi wakanywa. Waliusifu mvinyo, waliingia mezani na njaa, wakala kila kitu, na bwana amepata aliyoyataka. Jana Jumapili alinipa ufunguo. Ndilo jambo nililokuficha: nyumba ya karani, vyumba viwili, matofali, jiko lina bomba la moshi. Nimekaa ndani yake tangu jana peke yangu nasikiliza mvua kwenye bati. Panda basi urudi na Lea. Nauli nimempa dereva wa basi akuletee.

Mumeo,
Isakwisa


Mlandege, Iringa
29 Machi 1954

Isakwisa,

Nauli imefika na nimempa dereva akurudishie.

Nilipofika nyumbani sikuficha, nilisema: nimempa mume wangu kikombe mbele ya watu, amekikataa. Mama alifunika uso. Baba mdogo Bartholomeo alikuja kutoka Idodi siku ya tatu yake, hakukaa hata kwenye kiti. Amesema kwetu mwanamume anayekataa kikombe cha mkewe hadharani amekwisha kumwacha, hakuna haja ya maneno mengine. Pasaka ikipita atatuma mtu kwa baba yako Tukuyu kumaliza mambo. Ameniambia, "Labda wewe mwenyewe useme vingine." Wote wananingoja mimi.

Habari ya nyumba nimeipata, Kasian amelia akanieleza yote. Na memsabu wako nimemwona. Nilipotoka alinifuata mpaka kwenye ngazi, akanivika shali yake begani, akasema "Pole, mama." Ni bibi kizee mwenye miguu iliyovimba. Simwonei wivu wa mwanamke kwa mwanamke. Nilidhani hapo moyo utatulia. Haukutulia, na njia nzima ya kurudi nilijiuliza kwa nini.

Sasa nimejua. Nimezitoa barua zako za miaka sita kwenye sanduku nikazisoma zote. Umeniandikia habari za meza, za vijiko, za wageni, za Yotamu kuunguza keki. Kila likizo umekuja, nimekupikia, umekula, umefuta mdomo, umeanza kunisimulia wanachokula Wazungu. Hukuwahi kuniambia hata siku moja chakula changu kina ladha gani. Nilidhani ndivyo ulivyo, mtu asiyesikia ladha, nikakuonea huruma. Kumbe ulimi unao! Kumbe maneno unayo, mapera yaliyoiva, mgeni asiyeaga, mtu aliyeamshwa vibaya. Chupa tatu zimepata karatasi nzima. Mimi nimekaa miaka sita sijapata mstari. Hicho ndicho kilichonipandisha basi, na bado kinaniuma ninapoandika.

Sitaki ufunguo. Niandikie ladha ya chakula changu kimoja tu, chochote, ulichokula kwa mkono wangu. Ukiweza nitamwambia baba mdogo aketi. Ukishindwa, mwache atume mtu wake.

Severina


Shambani, Mbeya
8 Aprili 1954

Severina mke wangu,

Nimekaa siku tano na barua yako, na nimechana karatasi nne. Ya kwanza nilisema ugali wako ni laini. Nikaona hayo husema kila mume. Ya pili nilisifia maharage yako ya karanga, nikaandika vizuri kabisa, kisha nikakumbuka kwamba anayetia karanga ni Yotamu. Ya tatu na ya nne nilitunga. Ningeweza kukutumia, maneno yalikuwa matamu, na huenda ungeamini.

Ukweli ni kwamba sijui. Nilikula kwako huku nawaza kazi, huku natafuta la kukusimulia ili unione mtu mkubwa. Kilipita kooni kikaenda. Nimejaribu kukumbuka mlo mmoja na ninachokiona ni mikono yako tu ikinawa, na jinsi ulivyokuwa unakaa pembeni unanitazama, mimi nikidhani unanitazama kwa mapenzi tu. Kumbe ulikuwa unangoja.

Na tena nimeshikwa na kitu ambacho nilikucheka kwa ajili yake. Kasian anakula kwako kila siku. Nimefikiri, Kasian angeulizwa swali hili angejibu papo hapo. Nimemwonea wivu shemeji yangu mwenyewe, Severina, juu ya sahani ya mboga, mpaka nimeshindwa kula.

Nilimwomba bwana likizo ya Pasaka. Akasema Pasaka wale wageni wanarudi na wenzao, wanataka mvinyo ule ule na mtu yule yule. Akasema nikienda nyumba atapewa mwingine, na kazi ataiangalia. Memsabu alinisemea, hakusikilizwa. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nitaacha ufunguo kwenye trei, nitapanda basi, na Mungu akijalia barabara, Alhamisi Kuu nitakuwa Mlandege. Usinipikie chakula cha mgeni. Nipe mlichokula wote, hata kikiwa kiporo. Nitakula bila kusema habari ya mtu mwingine. Kikiwa kizuri nitasema kizuri namna gani, kikiwa kibaya nitasema kibaya. Baada ya hapo baba mdogo na afanye anavyoona.

Isakwisa


Mlandege, Iringa
Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili 1954

Baba mdogo Bartholomeo,

Shikamoo. Najua utasomewa barua hii na Joachim, namwomba aisome yote bila kuruka. Mama amesimama kwa fimbo, jana alikwenda kanisani. Lea amepona.

Baba Lea alifika Ijumaa badala ya Alhamisi, basi lilikwama. Alikuja na sanduku moja. Hana nyumba, na kazi sijui kama anayo. Mama hakumwitikia salamu. Kasian alimpokea sanduku akaliweka nje ya mlango, si ndani, mpaka nitakaposema.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, tulikuwa tumefunga, jioni nikaweka ugali na majani ya maboga, basi. Tulikaa wanne na mtoto. Alinawa, akamega, akachovya, akatafuna polepole kama mtu mwenye jino bovu. Mama anakula ananyamaza. Kasian anakula, tena anasema asante dada. Yeye akamega mara ya pili. Akameza. Akaniangalia usoni, baba mdogo, jasho limemtoka kwenye paji kana kwamba yuko mbele ya hakimu.

Akasema: "Majani ni machanga, umeyachuma leo, yanateleza na yana utamu kwa mbali ukitafuta. Karanga umezikaanga kidogo kabla ya kutwanga, nasikia harufu yake. Lakini siwezi kuyafikia vizuri, Mama Lea. Chumvi imezidi."

Kasian alimkanyaga mguu chini ya meza. Mama akasema haya sasa.

Nilitoka nje nikaliingiza sanduku lake mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba usitume mtu Tukuyu. Tutakaa hapa kwa mama mpaka apate kazi, na asipopata tutalima. Chumvi ilikuwa imezidi kweli. Niliizidisha kwa makusudi, na katika watu wote waliokula, ni yeye tu aliyeniambia.

Mwanao,
Severina